Kasorobo ya Ilam

Jerotich hakuwahi kuikubali saa ya Marekani. Mwaka 1998 alikuwa ameshaishi Herndon, Virginia, miaka kadhaa, akihudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia, na bado alihesabu saa zake kuanzia mapambazuko, kama alivyozihesabu Kericho. Bintiye Cheryl alichoka kumsahihisha. "Mom, it's seven!"

"Ni saa moja," Jerotich humjibu huku akifunga kamba za viatu. "Hiyo seven ni ya mwalimu wako."

Labda ndiyo maana aliwaelewa upesi wale bibi wawili wa meza ya dirishani. Bibi Dilmaya alitoka Ilam, mji mdogo wa milimani huko Nepal. Bibi Pabitra alitoka Kurseong, mji mdogo wa milimani vilevile, ila upande wa pili wa mpaka, India. Lugha yao moja, wote wamekulia kwenye mashamba ya chai, na wote wana midomo ajabu. Pabitra alijivunia treni ndogo inayopita mbele kabisa ya maduka ya kwao. Dilmaya alisema treni yenyewe mtu hushuka, akanunua peremende, akaidandia tena bila hata kukimbia. Naye Dilmaya akianza kusifu iliki ya Ilam, Pabitra hupiga chafya makusudi.

Lakini ugomvi wao mkubwa ulikuwa dakika kumi na tano. Saa ya Nepal imeitangulia ya India kwa robo saa tu, na Pabitra aliona hicho ni kiburi kitupu.

"Ndiyo, ni kiburi," Dilmaya alimjibu. "Mmetuzidi kwa kila kitu. Hii robo saa ni yetu."

Kila mmoja alikunywa chai kwa saa ya kwao, saa kumi na moja na nusu jioni, ambayo Herndon wakati wa baridi ilikuwa asubuhi: Dilmaya saa moja kasorobo, Pabitra saa moja kamili. Jerotich alichemsha sufuria mbili, na hakuona taabu.

Taabu ililetwa na Aprili. Wamarekani walisogeza saa zao mbele, Ilam na Kurseong hazikusogea, na chai ya mabibi ikaangukia saa mbili kasorobo na saa mbili kamili. Jiko lilifungwa saa moja na nusu.

Wainaina, msimamizi wa zamu, Mkenya mwenzake, alimwita kando. "Auntie Jero, tuelewane. Breakfast ni seven. Wakunywe na wengine."

"Kwao saa haijabadilika."

"Kwao ni wapi? Si wako Virginia! Unani-embarrass mbele ya manager. Ukiendelea hivi nita-ku-report, na kazi utakosa."

Jerotich alikuwa akimlea Cheryl peke yake, na kazi nyingine hakuwa nayo. Aliogopa, tena sana. Lakini hasira ilimpanda kuliko woga, akang'ang'ana mpaka Wainaina akalegeza kidogo: jiko lingengoja hadi saa mbili kasorobo.

"Hiyo ni final. Ukishamimina tu, wanywe, utoe vikombe."

Kwa hiyo Ilam ilipona, Kurseong ikaachwa. Jerotich aliwapa habari hiyo pale mezani. Pabitra aligeukia dirisha, na siku hiyo hakumchokoza mtu.

Kesho yake, saa mbili kasorobo, Jerotich aliweka chai mbele ya wote wawili. Pabitra hakugusa kikombe chake, kwao bado. Dilmaya alikiinua chake, akakinusa, kisha akakirudisha mezani na kukifunika kwa kiganja.

"Kunywa, bibi," Jerotich alimhimiza. "Hii ndiyo saa yako."

"Najua ni yangu," Dilmaya alisema. "Naingoja ya kwake."

"Auntie, vikombe!" Wainaina aliita kutoka mlangoni.

Jerotich aliutazama ule mkono wa kizee juu ya chai inayopoa. Alivuta kiti, akaketi katikati yao, akajimiminia kikombe chake mwenyewe.

"Nimekusikia," alisema bila kugeuka. "Kama ni kunifukuza, nifukuze. Lakini mpaka Kurseong ifike saa yake, hapa hakiondoki kikombe wala mtu."