Papa na Baba

Nilipopelekwa Garissa kufundisha, vita vya shifta, vya Wasomali waliotaka kujitenga na Kenya, vilikuwa vimeshaanza. Nilikuwa kijana kutoka Lamu. Shule ilikuwa na paa la mabati na madirisha yasiyo na vioo, vumbi likiingia lipendavyo. Nilipewa darasa la kwanza, na walimu wenzangu wakanipa pole. Sikuihitaji. Sijapata kazi nyingine iliyonifurahisha kama ile ya kumwona mtoto akiikodolea macho silabi, midomo ikitafuta, halafu neno linamtoka ghafla na mwenyewe anashtuka.

Watoto wangu walikuwa Wasomali, na Kiswahili walikutana nacho kwangu. Herufi iliyowashinda ni p. Pesa kwao ilikuwa besa, paka alikuwa baka. Tulicheka pamoja, maana Kisomali changu nacho kiliwavunja mbavu.

Wasichana walikuwa wachache. Mmoja wao, wa miaka kama saba, alikaa kwa shangazi yake, muuza maziwa sokoni. Baba yake alikuwa mfugaji. Kila alipoleta mbuzi mjini alipita shuleni, akasimama dirishani kumtazama binti yake akisoma. Anatabasamu, anagonga ukuta kwa fimbo yake, anakwenda zake.

Siku moja gari la askari lilishambuliwa barabarani. Kesho yake wanaume waliokutwa sokoni walikusanywa wakapakiwa kwenye malori, yule mfugaji akiwemo. Wengine walirudi baada ya muda. Yeye hakurudi. Shangazi alizunguka ofisi zote, na kila alikofika aliambiwa akaulize kwingine. Mtoto akaambiwa baba amesafiri.

Haukupita muda mrefu nikafika kwenye pa, pe, pi, po, pu. Mtu hufundisha alichokua nacho, basi nikaandika ubaoni, "Papa yuko baharini." Nikawaeleza kwamba papa ni samaki mkubwa, ana meno makali. Wakaogopa, wakafurahi. Yule msichana hakuwepo. Siku hizo watoto wa upande wao walicheleweshwa na ukaguzi wa barabarani. Alipoingia, jasho likimtiririka, alikuta darasa zima linapaza sauti: "Baba yuko baharini! Baba yuko baharini!"

Akaketi. Akayatazama maandishi. Akaanza kusoma na wenzake, kwanza polepole, kisha kwa nguvu kuliko wote. Nilidhani ni furaha ya kujua kusoma.

Wakati wa mapumziko alinifuata.

"Maalim, bahari iko wapi?"

"Mbali. Huko kwetu."

"Njia yake gani?"

"Ukiufuata mto Tana mpaka mwisho wake, utaikuta."

Nilijivunia kuwa na mwanafunzi mdadisi.

Kesho yake asubuhi shangazi alikuja amemshika mkono. Alimwambia aingie darasani, akabaki nami nje. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Maalim, wewe ndio naambia mtoto baba yake iko bahari?"

Sikuelewa. Akanieleza kwamba jana mtoto hakurudi nyumbani. Walimtafuta kwa hofu, saa ya kafyu ikikaribia, mpaka mwanamke aliyekwenda kuteka maji akamwona anatembea peke yake ukingoni mwa mto, pale penye mamba, amekumbatia kibuyu kidogo cha maziwa. Alisema anampelekea baba. Ubao wa shule umesema yuko baharini, na mwalimu amemwonyesha njia.

Nikamweleza shangazi habari ya papa na baba. Alicheka kidogo, akajifunika uso kwa mtandio wake, na kile kicheko kikageuka kilio.

"Usimwambie," akasema. "Kila siku mimi naulizwa. Sasa iko jibu."

"Na akirudi mtoni?"

Aliushusha mtandio. "Basi mwambie wewe, Maalim. Mimi siwezi."

Nilimwambia kwa njia pekee niliyoijua. Nilichana karatasi vipande vyembamba, kila mtoto akashika chake mbele ya midomo. Ukisema baba, karatasi inatulia. Ukisema papa, inaruka. Darasa likawa soko! Walipulizana, mate yakaruka, mmoja akacheka hata akaanguka kutoka kwenye benchi. Nami, na moyo wangu mzito vile, nilicheka. Kisha nikamchora yule samaki ubaoni, pamoja na meno yake.

Msichana alijaribu tena na tena. Karatasi yake iliporuka hatimaye, wenzake walimpigia makofi.

"Papa," akasema. Akamtazama samaki. "Papa yuko baharini."

Mkono wake ukashuka.

"Maalim, na baba?"

Nilichutama karibu naye. "Sijui, mwanangu. Hatujaambiwa."

Hakulia. Alirudi kukaa, akawa anaikunja ile karatasi, ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi.

Hakwenda tena mtoni. Aliendelea kusoma, na akawa ndiye anayewafundisha wageni wa darasa kusema p. Kwa Wasomali jina la mtoto hufuatwa na la baba yake, lakini mimi, nikiita majina ya darasa kila asubuhi, nilizoea kuita la kwanza tu, niharakishe. Asubuhi moja alisimama.

"Maalim, niite yote."

Nikamwita kwa jina lake na la baba yake.

"Niko," akaitika.

Watoto wengine nao wakataka kuitwa hivyo. Kuita majina kukawa kunachukua muda, na miongoni mwa majina hayo ya akina baba yalikuwamo mengine ambayo wenyewe hawakuonekana tena mjini. Niliyaita yote.

Nilihamishwa vita vikielekea mwisho. Nilikwenda sokoni kumuaga shangazi, akanipa maziwa ya safari na kuniombea dua. Nilimuuliza kama amesikia lolote. Akatikisa kichwa, akageuka kumhudumia mteja.