Kutembea Ndani ya Eda

Mafua ya tatu yalinijia mwezi wa tatu wa eda, na yaliposhuka kifuani nikasikia kikohozi cha marehemu mume wangu kinatoka kinywani mwangu. Sisemi kilifanana. Kilikuwa kile kile, kikavu, chenye mkwaruzo mwishoni. Yeye naye alianza kwa mafua. Yakaja, yakaenda, yakarudi, hata yakawa homa ya mapafu, nayo ikamchukua. Niliogopa. Niliona nitamfuata kabla eda haijaisha, na binti yangu wa darasa la saba atabaki hana baba wala mama.

Zamani sikuwa mtu wa kuugua. Kila siku ya Mungu nilikwenda kwa miguu hadi kwenye mihogo yangu Pujini, jembe begani, na kurudi na mzigo wa kuni kichwani. Mafua yalikuwa ya watu wengine. Mume alipofariki nikawa kizuka, mjane wa kukaa ndani mpaka eda iishe, na wifi yangu, dada wa marehemu, akahamia kwangu kunitunza. Alikuwa na mapenzi ya kuchosha. Nikigusa ndoo, ameshainyakua. Nikishika mchi, "Wacha, wifi." Nikisimama kunyoosha mgongo tu, sauti inatoka jikoni:

"Wenda wapi weye? Kaa kitako!"

Nikakaa. Miezi mitatu nilikaa mkekani kama gunia la mchele. Nilimchukia kidogo, Mungu anisamehe.

Kikohozi kile kiliponitisha, niliomba aitwe muuguzi wa kituo cha afya. Alikuja mama wa makamo, akasikiliza kifua changu mbele na nyuma, taratibu mno, nami nikasoma kimoyomoyo kila sura niliyoihifadhi.

"Mapafu mazima, Bi," alisema. "Ni mafua tu. Lakini mbona yanakurudiarudia? Kabla ya msiba ulikuwa ukifanya nini?"

Nikamweleza habari za Pujini.

"Na sasa?"

"Nakaa."

Akanieleza kwamba mwilini mna askari wanaopigana na maradhi, nao huzunguka pamoja na damu. Mtu akijishughulisha kila siku, askari hao hupita kila pembe. Akikaa tu, huzubaa. Huzuni nayo huwachosha. Hakuniahidi kwamba sitaugua tena. Alisema nipumzike mpaka homa iishe, kisha nitembee uani kila siku.

"Kizuka hatembei," wifi alidakia.

"Eda imemkataza kutoka na kujipamba, Bi. Nani kamkataza kuzunguka kisima chake?"

Wifi hakuridhika. Alikwenda kumuuliza bibi anayewasomesha wanawake dini, akarudi amenuna. Kumbe ruhusa ipo.

Basi nikaanza. Kutoka kisimani hadi kwenye mlimao, kisha jikoni, kisha kisimani tena, tasbihi mkononi, mzunguko mmoja punje moja. Siku ya kwanza nilifika punje ya tisa, moyo ukinidunda hata nikadhani ndiyo safari yenyewe. Wifi alisimama mlangoni mwa jiko, mkono mdomoni. Siku zikapita, nikafika thelathini na tatu bila kutweta. Kikohozi kikaondoka. Hofu haikuondoka. Kila asubuhi, kabla ya chai, nilijikoholesha makusudi ili nisikie kama kile cha marehemu kimerudi.

Na kila asubuhi wifi alikuwa pale pale mlangoni. Siku moja nikachoka naye.

"Mbona wanitazama kama mwizi?"

Akaangua kilio. "Kaka'ngu kaanguka hapo kisimani na homa yake, yuwatembea vile vile! Mie n'kaona ukikaa hutaanguka. Ukenda na weye, n'tabaki na nani?"

Miezi yote ile nilidhani ananitawala, kumbe alikuwa akiogopa kama mimi. Nikamsogelea nimshike mkono. Akageuka upesi ukutani, akajiziba mdomo kwa kanga, akakohoa. Kikavu, chenye mkwaruzo mwishoni.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Wiki ya tatu hii. Sikutaka kukutisha."

Nikamwita binti yangu akimbie kwa muuguzi. Wifi aliinama aokote ndoo, ati maji hayajatekwa. Nikamnyang'anya. Maneno yaliyonitoka yalikuwa yake.

"Wenda wapi weye?" nilimwambia. "Kaa kitako!"