Kushuka kwa Salamu

Leo asubuhi, pale kwa lami, dereva mmoja alinipigia honi nikiwa juu ya baiskeli mpaka nikayumba. "Mathe, hiyo blakmamba peleka makumbusho!" Vijana wa bodaboda wakacheka. Kusema haki, mimi pia nilicheka. Lakini sikushuka.

Baiskeli ni ya marehemu baba, na kijana wangu alikuwa ameshaongea na mnunuzi wa vyuma vikuukuu aje aichukue kesho. Anasema namwaibisha, yeye mwenye tuktuk yake.

Wacha nikueleze, rafiki, ingawa shule niliiacha mapema na kalamu si kazi yangu. Nilipokuwa mdogo hapa Chechelesi, baiskeli zilikuwa nyingi kuliko magari, au labda mtoto huona hivyo. Alfajiri tulisikia madumu ya maziwa ya ngamia yakigongana kwa keria, kisha kengele. Jikoni chai inanukia moshi na iliki. Kazi yangu ilikuwa kupaka cheni mafuta. Mikono ikanuka hata ndugu zangu wakakataa kula anjera na mimi sahani moja.

Na ilikuwa hivi: ukipita mbele ya mkubwa, unashuka. "Salaam aleikum." Unauliza mifugo, unauliza mvua, ndio unapanda tena. Baba alichelewa sokoni kila siku, na soko lenyewe si mbali. Nyanya yangu, akichambua maharagwe mlangoni, alijua habari za mji kwa hilo tu. Mtu akipita bila kushuka, aliepua sufuria na kujitanda mtandio aende kuwajulia hali. "Huyo hajashuka. Kuna mgonjwa, au kuna maiti." Mara nyingi ilikuwa kweli.

Sitaki kudanganya kwamba zamani yote ilikuwa tamu. Nyanya mwenyewe alipozidiwa, gari la jirani ndilo lilimfikisha hospitali. Jirani hakusimama kusalimia mtu, na hakuna aliyemlaumu. Gari lile nalishukuru mpaka leo.

Lakini siku hizi kila mtu anapita bila kushuka. Honi, vumbi, kioo kimefungwa. Nyanya angekaa mlangoni leo, angeepua sufuria asubuhi na chakula kisingeiva tena.

Jioni kijana wangu alikuja. "Mama, yule mtu anakuja kesho."

"Mwambie asije."

"Watu watasema nimeshindwa kukubeba."

"Unanibeba vizuri. Nikiugua nitapanda tuktuk yako na dua nitakuombea. Lakini baiskeli ya baba yangu haipandi mizani ya mnunuzi wa vyuma."

"Na wakikucheka?"

"Wacheke. Kengele bado inalia."

Akanuna. Kisha akanywa chai, akapiga simu, nikamsikia akisema, "Usikuje. Mathe amekataa kabisa."

Sasa nimemaliza kupaka cheni mafuta, na mikono inanuka vilevile. Labda nimekosea, labda ni ukaidi wa uzee tu. Kesho nitapita palepale kwa lami, mbele ya dereva yule. Akinisalimia, nitashuka. Akipiga honi, apige mpaka achoke.