Kawa ya Mama Kwenye Nyumba ya Maonyesho

Miaka ile ya hamsini nilikuwa na tabia ambayo wenzangu waliiona ni ya mtu asiye na kazi: kuzuru majumba ya kale. Kazi nilikuwa nayo. Nilipima mbata, nazi zilizokaushwa, katika duka la tajiri mmoja wa Kihindi pale Pangani. Lakini siku ya mapumziko, badala ya kukaa barazani nikacheza bao, nilipanda basi mpaka Tongoni kutazama makaburi yenye nguzo, au nilizunguka Pangani yenyewe nikihesabu milango ya nakshi. Nikirudi niliandika kwenye daftari. Mengi niliyoandika ni ya kubahatisha, maana elimu yangu ilikoma darasa la nne na sikuwa na wa kunieleza. Kuhusu Tongoni niliandika kwamba bakuli zilizopachikwa kwenye nguzo zilibanduliwa na wezi. Kisha nikafuta "wezi" nikaandika "watu", kwa kuwa sikuwaona.

Basi wakubwa wa wilaya walipoitengeneza nyumba moja kongwe ya ghorofa, karibu na mto, wakatangaza kwamba itakuwa nyumba ya maonyesho kwa miezi miwili, nilifurahi kama nimejengewa mimi. Watu waliombwa waazime vitu vya zamani na kazi za mikono. Msimamizi alikuwa bibi mmoja wa Kizungu aliyekuja kutoka Tanga mara moja kwa wiki. Aliyepokea vitu kila siku ni karani, kijana wa Kibondei, mwenye shati lililopigwa pasi na maneno ya upole.

Mimi sikuwa na kitu cha kuazima. Mama alikuwa nacho.

Mama alikaa kwetu Ushongo, ng'ambo ya mto, na kwa kusuka ukindu sijui wa kumlinganisha naye. Pengine nasema hivyo kwa kuwa ni mama yangu. Lakini hata shoga yake mkubwa, mwanamke wa Mkwaja aliyeolewa kijijini kwetu na asiyemsifu mtu bure, alikiri kwamba mishono ya mama haionekani. Kazi yake bora ilikuwa kawa aliyoisuka kwa arusi ya dada yangu, ile kawa ya kufunikia sinia la chakula, iliyochongoka juu, yenye rangi nyekundu na nyeusi iliyopatikana kwa kufukia ukindu kwenye tope la mikoko. Siku saba za fungate chakula cha maarusi kilipelekwa chini ya kawa ile. Na kwetu, aliyepelekewa chakula akimaliza hairudishi kawa mikono mitupu. Hutia kitu chini yake, hata kama ni kipande cha sukari guru.

Nilipomwomba aiazime, alikaa nayo mapajani muda mrefu.

"Itawekwa wapi?"

"Mahali pa heshima, mama. Watu watakuja kuitazama."

"Mimi sitaki itazamwe tu. Nataka ijulikane ni nini." Akanikabidhi. "Nitakuja mwenyewe kuiona na wenzangu. Usinitie aibu."

Nikaondoka nayo asubuhi, kwa miguu, kuelekea kivukoni Bweni. Nusu ya njia ikashuka mvua ya vuli, ile isiyotanguliwa na wingu. Sikuwa na mwavuli. Kanzu ilikuwa moja, na dukani nilitakiwa kabla ya saa nne. Nilijaribu kuificha kawa chini ya kanzu, ikawa haiingii. Basi nikaivaa. Naandika hivi hivi ilivyokuwa: niliivaa kichwani, ikanikaa vizuri, na nilivuka nayo kwenye pantoni mbele ya watu.

Karani aliniona nikiingia na kawa kichwani. Akacheka kidogo, si kwa dharau. "Karibu, bwana. Hiyo mwaiitaje?"

"Kawa."

"Nani kaisuka?"

"Mama yangu, Ushongo."

Alikuwa bado ana swali, nakumbuka alivyoinua kalamu. Lakini saa nne ilikuwa imefika. Nikasema nitarudi, nikatoka mbio. Sikurudi.

Siku ya kufunguliwa nilikwenda nimevaa koti. Chini palikuwa na ngoma, majambia na mtungi mkubwa wa Kiarabu. Juu, katikati ya chumba chenye dirisha la mtoni, mahali pazuri kuliko pote, palikuwa na kichwa kilichochongwa kwa mti, chenye macho na masikio. Juu ya kichwa, kawa ya mama. Mbele yake kadi iliyopigwa taipu: "KAWA. Kofia ya mvua ya wakulima wa Ushongo."

Nilihisi masikio yakiwaka. Watu walikuwa wakisimama, wakisifu. Bibi wa Kizungu aliwaonyesha wageni wake mshono kwa ncha ya kidole bila kuugusa, na uso wake ulijaa furaha ya kweli. Mara mbili nilifungua mdomo. Mara zote mbili niliufunga. Wenyeji wengine waliona kosa na wakacheka pembeni. Nikacheka nao. Hilo nalo nimeliandika.

Mtu anaweza kusema karani alikuwa mjinga. Hapana. Kwao bara alikozaliwa, na kwenye bweni la shule alikolelewa, hakuwahi kuona sinia likifunikwa kwa kawa. Aliuliza, sikumjibu. Akaandika alichokiona, na alichokiona nilikiweka mimi kichwani mwangu.

Kisha ikaja habari kwamba Alhamisi ni siku ya wanawake, na kwamba mama anakuja na wenzake wanane. Na shoga yake wa Mkwaja yumo. Jumatano nikamwendea karani nikamweleza yote. Alishika shavu.

"Chakula? Tumevisha kichwa kifuniko cha chakula?"

"Kosa langu."

"Letu," alisema. "Lakini kadi ameiweka bibi mwenyewe, nami sina ruhusa ya kuibadilisha mpaka aje wiki ijayo. Sasa mama yako atasemaje?"

Alhamisi nikaomba ruhusa kwa tajiri, nikawangoja wanawake wanaposhukia pantoni. Nilitaka asikie kwangu kabla ya kuona. Walishuka na kanga zao mpya, na sinia limefungwa kwa kitambaa, mikate ya kumimina ya kula mchana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umekuwa hivyo, kuna msiba?"

Nikamwambia. Pale pale, mbele ya wote, kwa kuwa ningemwambia faraghani ningepunguza kosa langu. Shoga yake ndiye aliyeanza.

"Haya! Miaka yote twajua chini ya kawa huwa na pilau. Leo tumeambiwa kuna kichwa cha mpima mbata!"

"Bibi we, usimcheke mtoto wa watu," mwenzao mmoja akamkanya.

"Namcheka! Maarusi walikula siku saba chini ya kofia. Na yule bwana arusi ndiyo maana akawa mzito wa kusikia!"

Wakacheka hadi mwenye pantoni akageuka. Mama alitembea mbele, kimya, na ule ukimya uliniuma kuliko vicheko. Nilijua kinachomtia hofu. Kwamba kazi yake bora kuliko zote itabaki machoni mwa watu kitu cha shambani, na wajukuu wataikuta imeandikwa hivyo, kwa herufi ambazo hawezi kuzijibu.

Kule juu alisimama mbele ya kile kichwa kwa muda. Kisha akamgeukia karani, ambaye alikuwa amesimama wima kama mtu anayengoja viboko.

"Hujambo mwanangu."

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kwenu, mtu akialikwa kula, huvua kofia akafunikia wali?"

"Hapana, mama. Tusamehe."

"Hamna baya. Mliiona jinsi ilivyofika." Hakunitazama. Aliinua kawa kwa mikono miwili kutoka kwenye kile kichwa, akapangusa ndani kwa ncha ya kanga. Akamwambia shoga yake afungue kitambaa. Sinia likawekwa juu ya meza ya maonyesho, mikate ikiwa bado juu yake, na kawa ikashuka juu ya mikate ikakaa. Naapa chumba kilibadilika. Ile kofia haikuwapo tena. Palikuwa na arusi.

"Na kadi?" aliuliza mmoja.

"Siruhusiwi kuiondoa," alisema karani.

"Usiiondoe. Nipe karatasi na kalamu."

Mimi nikanyoosha mkono kuipokea kalamu. Nimeona ni haki niliandike hili hata kama linanichoma. Nilinyoosha mkono kwa sababu katika nyumba yetu mwenye kuandika ni mimi. Nilijua mama alisoma chuo cha Kurani utotoni. Nilimwona kila Ramadhani na msahafu wake, na nilimwona akiandikiana barua na dada zake wa Mtang'ata. Lakini nikihesabu waliosoma nyumbani kwetu, nilikuwa nikijihesabu mimi peke yangu.

Mama aliupita mkono wangu, akachukua kalamu, akainama mezani. Akaandika kutoka kulia, kwa herufi za Kiarabu, maneno ya Kiswahili, mstari baada ya mstari, haraka na bila kufuta. Herufi zilikuwa zimekaa kama mshono wake. Akaiegemeza karatasi kwenye sinia.

Wanawake wakasogea. Tangu waingie katika nyumba ile hakuna hata mmoja wao aliyesoma kadi yoyote, na mimi nilikuwa nimedhani ni kwa kuwa hawajui kusoma. Sasa wote walisoma, midomo ikicheza. Shoga yake wa Mkwaja akasoma kwa sauti:

"Hii ni kawa. Imesukwa Ushongo. Yafunika chakula cha arusi siku saba. Mwenye kupelekewa hula, akashukuru, akairudisha na kitu chini yake. Aliyeivaa kichwani ni mwanangu, na mvua ilikuwa kubwa."

Alipofika mwisho alimgeukia mama. Kisha akasema, "Shoga, umemaliza," na hilo ndilo neno la sifa pekee nililowahi kumsikia akimpa mtu bila kulitia pilipili.

Karani aliinama kuitazama karatasi, na nikaona kwamba sasa yeye ndiye asiyejua kusoma. "Nisomee tena, mpaka mwisho," akaninong'oneza. Nikamsomea. Nilisoma polepole, maana herufi zile nilikuwa nimezitupa tangu darasa la kwanza. Usiku huo sikuandika mengi kwenye daftari. Niliandika: nyumbani kwetu tuliosoma ni wawili, na mimi ni wa pili.

Wiki iliyofuata bibi wa Kizungu alipokuja, karani aliniita nimsomee. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka, kisha akaacha kucheka. Akaichukua kadi yake mwenyewe akaikunja akaitia mkobani. Alisema alikosea. Nikamwambia hapana, aliyekosea ameandikwa hapo. Kile kichwa cha mti kikapelekwa stoo, na karatasi ya mama ikabaki pale hadi maonyesho yakafungwa. Nilikwenda kila siku ya mapumziko. Niliwaona wazee waliokuwa wakipita kadi zote bila kusimama, wakifika pale husimama.

Siku ya kurudisha vitu, kila mtu aliitwa kuchukua chake. Kawa ya mama haikuwamo. Nilipatwa na hofu, nikavuka mto jioni ile, nikaenda Ushongo nikitunga maneno ya kumwambia. Mvua ilikuwa ikinyesha tena.

Nikamkuta karani amekaa ukumbini kwetu, shati limemgandia mwilini, maji yakimchuruzika hadi kwenye jamvi. Alikuwa amevua koti lake la mvua na kuifunga kawa nalo, akatembea nayo hivyo kutoka Bweni.

"Umelowa, mwanangu," mama alikuwa akimwambia.

"Nimelowa, mama. Lakini yenyewe kavu."

Mama akalifungua koti, akaiinua kawa. Chini yake, juu ya sahani ya bati, kulikuwa na sukari guru, na karatasi aliyoiandika mama mwenyewe, imekunjwa vizuri. Aliivunja sukari akampa karani kipande, akatia kingine mdomoni.

Kisha akanitazama mimi, si yeye.

"Umeona?" akasema. "Huyu kaisoma."