Sahani za Bonane za Maîtresse Maisara

Mwandishi wa simulizi hii anaapa kwa sambaza wote, wale dagaa wa Ziwa Kivu, pamoja na waliokwisha kukaangwa, kwamba hakuna neno hapa chini lisilo la kweli. Msomaji akikuta moja, aje mtaani kwake Muhumba. Atalipwa.

Saa kumi na mbili asubuhi, siku ya mwisho ya mwaka, Bukavu bado inaelea. Ukungu umepanda kutoka ziwani ukaubeba mji mzima, na rasi za Ibanda zinapita ndani yake kama watu wanaotembea usingizini. Ni mzito kiasi kwamba jirani mmoja ameutundikia shati likauke. Shati bado liko juu.

Ndani ya ukungu huo inatembea harufu ya iliki. Ukiifuata, unafika jikoni kwa Maisara Almasi, mwenye miaka arobaini na mitatu, maîtresse, yaani mwalimu, wa shule ya watoto wadogo. Anageuza mandazi kwenye karai.

"Papa Placide, rudisha mukono," anamwambia mwandishi, jirani yake, bila kugeuka. "Hii iko na benyewe. Wewe hata matunda yako ya maracuja unayafungia wavu, padri mwenyewe hajaonja!"

Maisara ametoka katika familia ya wafanyabiashara Waislamu wa Uvira. Utotoni, kila Idi, bibi yake alimtuma kwa majirani na sahani iliyofunikwa kitambaa. Sahani iliachwa huko huko. Siku nyingine jirani aliirudisha, na ndani alikuwa ameweka kitu chake: yai, ndizi, chumvi kidogo kwenye karatasi.

"Nilikuwa nalala naota ile sahani," anasema. "Sijui itarudi na nini. Furaha yote iko pale, mu kungojea."

Alipofika Bukavu, akakuta watoto wakipita nyumba kwa nyumba wakiimba "Bonane!", salamu ya mwaka mpya, na kunyoosha mikono wapewe biskuti. Hakuwakataza. Aliwageuza tu. Watoto wa darasa lake nao hupiga hodi na kuimba "Bonane!", lakini wao ndio hutoa, sahani ya mandazi. Mwaka wa kwanza watu walizima redio wakajifanya hawapo. Mama mmoja aliitika kwa sauti kutoka ndani: "Hatuko!"

Anaishi kwa michango ya wazazi, kama dola sabini kwa mwezi, wazazi wakikumbuka. Unga wa sikukuu huanza kuuweka pembeni mwezi wa tisa, kikombe kimoja kimoja.

Sharti lake ni moja. Sahani lazima iwe ya mtoto mwenyewe, ile anayolia chakula kila siku.

"Akitoa ya shule, hasikii kitu. Atoe ile anapenda."

Na hapo ndipo alipojikwaa. Mwaka jana Ornella, binti wa miaka mitano sasa, alitoa sahani yake ya bati yenye jogoo wa bluu, zawadi ya bibi yake wa Kalehe. Haikurudi. Tangu siku hiyo Ornella hatoi kitu. Si biskuti, si kalamu ya rangi, si zamu yake ya bembea. Na mwaka anaouingia ndio wa kuhamia shule ya msingi.

"Ni mimi nilimuambia atoe," anasema Maisara, na mandazi yanaungua kidogo mbele yake. "Akitoka kwangu hivi, nitakuwa nimemufundisha kitu kimoja tu: ukitoa, unapoteza."

Watoto wanafika, kila mmoja na sahani kifuani. Ornella mikono yake iko mgongoni.

"Maman, leo unatoa nini?" Maisara anamuuliza, kwa upole wa kumwita mtoto mama.

"Hakuna. Batakula na sahani."

"Uliipeleka nyumba gani?" mwandishi anauliza, kama mwandishi yeyote angeuliza.

"Mulango ilikuwa ya kijani."

Ni vizuri msomaji ajue kwamba mlango wa mwandishi ni wa bluu. Aliupaka rangi mwezi wa pili, kwa sababu zake.

Wanashuka Muhumba wakiimba, na ukungu unawafungulia njia na kuwafungia nyuma yao. Mlango unafunguka, kitambaa kinafunuliwa, mama mmoja anainusa iliki akiwa amefumba macho. Mzee mwingine anacheka mpaka meno yake ya bandia yanaruka na kuendelea kuimba barabarani peke yao. Ornella anafuata nyuma, akigusa kila mlango wa kijani kwa kidole.

Ghafla mvua. Nyumba ya karibu, kwa bahati mbaya, ni ya mwandishi.

"Papa Placide, fungua! Batoto banalowa!"

"Ufunguo umepotea."

"Uko mu shingo yako."

Ndani, watoto wanajipanga ukutani wakidondosha maji. Pembeni kuna ndoo ya maji ya kunywa, na juu yake kifuniko. Kwenye kifuniko, jogoo wa bluu.

"Njo ile," anasema Ornella polepole. "Jogoo yangu."

Mwandishi anaeleza ukweli wote. Alfajiri moja alisikia mabawa. Sahani ikaingia dirishani yenyewe, imechoka, ikatua juu ya ndoo. Angeifukuza vipi?

"Iliwika?" mtoto mmoja anauliza, mdomo wazi.

"Sana!"

Mlangoni Maisara anakwangua rangi ya bluu kwa ukucha. Chini yake ni kijani.

"Na mandazi, Papa Placide? Nayo yaliruka?"



"Yalikuwa matamu," anasema mwandishi.

Anatoka kwenye mvua, anafungua wavu, anachuma maracuja yote yaliyoiva, hata lile alilokuwa akiliaga kila jioni kabla ya kulala. Anayapanga juu ya jogoo, anapiga goti na kuirudisha sahani.

Ornella anaikumbatia. Maisara ameshika ncha ya kitenge chake.

Mtoto anayatazama maracuja muda mrefu. Kisha anachukua moja, anampa aliye karibu. Na jingine kwa anayefuata. Maisara anapokea lake kwa mikono miwili. La mwisho kabisa analileta kwa mwandishi.

"Shika, muzee. Bonane."

"Na mwaka ujao?" anauliza Maisara, sauti yake ndogo.

Ornella anafikiri.

"Nitamuletea tena. Lakini nitangojea sahani yangu pale mu mulango mupaka amalize kula."