Kulinda Zege

Kwanza nilisikia bati. Ukungu ulikuwa umefunika mji asubuhi ile, sikuona hata tairi la mbele la pikipiki iliyonileta kutoka Lupiro, na mahali fulani mbele yetu bati lilikuwa linagonga, linanyamaza, linagonga tena. Mkono wangu ukatafuta kombeo kiunoni. Nilikuwa nimekaa wiki tatu shambani nikifukuza ndege kwenye mpunga, nikigonga debe tangu alfajiri hadi jua lizame, na mwili ulikuwa haujajua kwamba umefika Ifakara.

Ndipo jengo likajitokeza: ghorofa mbili za zege, nondo zimesimama juu kama nywele za mtu aliyeshtuka, uzio wa mabati umelegea. Hayo ndiyo maduka yetu mapya ya katikati ya mji. Vibanda vya zamani vilivunjwa, tukaambiwa ni miezi michache tu, kila mfanyabiashara atapewa fremu yake humo ndani. Kisha hali ikawa ngumu, saruji ikapanda bei, mafundi wakapungua, mwisho wakaisha.

Mama yangu alikuwa nje ya uzio, chini ya turubai, kwenye cherehani yake. Miaka ya nyuma, wakati kama huo, angezungukwa na magauni meupe ya kipaimara. Sasa watu walimletea viraka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mpunga?"

"Kweleakwelea wamemaliza kona ya mtoni. Mtu mmoja hatoshi, mama. Nikikimbilia huku, wanatua kule. Jirani wa shamba amenishikia leo tu."

Mguu wake ukasimama juu ya pedali.

Kwetu, mpunga ukianza kutia maziwa, nyumba nzima huhamia shambani na kulala kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, mpaka mavuno. Mwaka ule mama alibaki mjini kwa mara ya kwanza. Karani wa jengo alikuwa anakuja na orodha ya fremu siku yoyote, bila kutangaza, na asiyeitika mwenyewe alifutwa. Kwa hiyo mama aliilinda fremu yake kama jaruba la mpunga: kila siku awepo, aonekane. Kila Jumamosi alipenya kwenye pengo la uzio akaenda kuifagia, chumba kisicho na sakafu.

Jirani yake, muuza dagaa, aliyejua ninavyopenda kuandika, aliyakagua matope yangu. "Mwandishi! Umewaandikia ndege barua, wamegoma kusoma?" Kisha akamgeukia mama. "Na wewe mwenzangu, unalinda zege. Umeona wapi ndege anakula zege?"

"Mbona na wewe upo hapa hapa?"

"Mimi sina mpunga, dada. Ningekuwa nao ungenitafuta usinione!"

Mama hakucheka. Alishona kiraka kile mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

Nyumbani Mlabani sikuweza kukaa. Nilitoka uani, nikarudi, nikanywa maji ambayo sikuyataka. Nilimlaumu karani, nikalilaumu jengo, nikamlaumu na mama kwa sauti ambayo leo inanisumbua. Sikumwambia kwamba ile kona ya mtoni ililiwa nikiwa nimeinamia daftari, nikitafuta neno la rangi ya mto. Nilipoinua kichwa, kundi zima lilikuwa limeshatua, na masuke yalikuwa yameinama kwa uzito wao.

Mama alivitazama vidole vyangu vyenye wino. Nadhani alijua.

Alfajiri nilimkuta anafunga chandarua na sufuria kwenye khanga.

"Fremu je?" nikauliza.

"Nimeingojea tangu walipovunja vibanda. Mpunga haungoji hata wiki."

"Karani akija nitakuitikia mimi."

"Ananijua kwa sura yule. Usijitie aibu."

"Basi watakufuta, mama."

Alikaza fundo, akalijaribu kwa kulivuta.

"Wafute. Nguo za watu ziko juu ya kabati, wape wakija kuzichukua. Jioni unifuate. Na lile daftari liache hapa."

Alijitwisha mzigo, akainama kidogo ili usigonge juu, akatoka. Mlango ukafungwa nyuma yake.