Ubao wa Kasha na Akaunti ya Uingereza

Mume wangu alikuwa mtu wa aina ile inayokera: hajui kudanganya hata pale uongo unapokuwa mdogo na wenye faida. Siku lilipofika ofisini kwake agizo kwamba watumishi wa ngazi yake watamke mali zao zote, pamoja na akaunti za nje ya nchi, alirudi kwenye nyumba ya serikali tuliyokuwa tukiishi Kikuyu, mjini Dodoma, akavua viatu, akakaa bila kuulizia chai. Nikajua kuna jambo.

"Ile ya kule bado ipo," akasema.

Sikuhitaji kuuliza ipi. Alipokuwa akisoma Uingereza, yeye na Watanzania wenzake walikuwa na mfuko wa msiba. Kila mmoja alichangia, ili akifa mtu ugenini arudishwe azikwe kwao. Benki ya kule ilikataa kufungua akaunti ya kikundi kisichosajiliwa, basi wakaifungua kwa jina la mweka hazina, ambaye ndiye yeye. Kwetu hilo si jambo la kushangaza. Wanakikundi humtafuta mmoja wanayemwamini, wakampa vyote akae navyo, na hakuna anayefikiri kwamba vimekuwa vyake. Benki haikujua hayo. Kwenye vitabu vyake mwenye pesa alikuwa mmoja tu.

Mfuko ule ulitumika mara moja. Ulimrudisha kaka yangu. Mume wangu ndiye aliyesindikiza jeneza mpaka kijijini Busi, nyumbani kwa mama yangu, na ndipo tulipojuana. Watu wakiniuliza tulikutana wapi huwajibu "msibani", nao hudhani natania. Baadaye wenzake walimaliza masomo wakatawanyika, na kilichosalia kikabaki kule kule. Nani angekigusa? Ilikuwa hela ya msiba. Halafu ikaja ile misimu ya kuwasaka wahujumu uchumi, watu wakawa wanatupa vitenge na sabuni vichakani kwa hofu. Mume wangu, akijua pesa ya nje nayo ni kosa, alizikusanya karatasi zote za mfuko, risiti na barua, akaziteketeza kwenye jiko langu la mkaa. Nami nilikuwa nikimpepelea moto.

Sasa mambo yalikuwa yamelegezwa. Mitumba imejaa Chang'ombe ya hapa Dodoma, maduka ya kubadilishia dola yanafunguliwa mchana kweupe, kila kitu ruksa. Lakini kutamka ilikuwa lazima, na aliyegundulika ameficha angefukuzwa kazi na kukosa kiinua mgongo. Kustaafu kwake kulikuwa kumekaribia. Kiwanja chetu kilikuwa na msingi tu, majani yameanza kuota ndani yake, kuta zikisubiri kiinua mgongo hicho hicho.

"Nyamaza," nilimwambia. "Nani atapanda ndege kwenda kukuchungulia huko?"

"Nitajua mimi."

"Basi sema ni yako, yaishe."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Niseme pesa iliyomrudisha kaka yako ni yangu?"

Nikainuka kwa hasira nikaenda jikoni. Akaandika anavyojua yeye: akaunti iko kwa jina lake, lakini fedha ni za msiba. Waliojaza kwamba hawana kitu nje walipita salama salimini, wakiwemo ambao watoto wao walikuwa wakitembelea magari yenye namba za kigeni. Yeye aliyesema akaitwa kwenye ukaguzi.

Mkaguzi alikuwa kijana mpole, suti imempwaya mabegani. Hakumfokea. Alimwambia tu, "Mzee, mimi nakuamini, lakini jalada haliamini mtu. Niletee uthibitisho." Bila uthibitisho, akaunti ingehesabiwa kuwa yake tangu ilipofunguliwa, na kwamba aliificha miaka yote.

Wenzake wa mfuko walikuwa wamebaki wawili pale Dodoma. Aliwafuata wakamtolee ushahidi. Wa kwanza alimkaribisha soda, akainamisha kichwa, akasema, "Ndugu yangu, nina watoto wanasoma." Wa pili alimtuma mkewe mlangoni aseme hayupo, na viatu vyake vimepangwa pale pale kizingitini. Leo siwalaumu sana. Kumtolea ushahidi kulikuwa ni kukiri kwamba wao pia walijua kuhusu pesa ya nje na wakakaa kimya. Siku zile lakini niliwalaani wote wawili, na nikamlaani na mume wangu kwa kuwatetea.

Nikaenda Busi kwa mama, si kwa lengo lolote ila kulia mahali ambapo mume wangu hanioni. Mama alikuwa anapepeta uwele. Aliniacha niseme yote, hata siku na ofisi ya kuhojiwa, mpaka nikaishiwa.

"Sasa hao watu wanataka nini?" akauliza.

"Kitu kinachoonyesha kwamba pesa ile ilikuwa ya msiba. Na hatuna, mama. Tulichoma."

Aliendelea kupepeta. Niliona kama hakunielewa, maana Kiswahili nilichokuwa nikilia nacho kilikuwa cha mjini mno, nikarudi Dodoma na moyo mzito zaidi.

Siku ya kuhojiwa nilimsindikiza mume wangu nikakaa kwenye benchi la nje. Mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto. Nikamwona mama anakuja kwenye korido, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi, kabeba kitu kirefu bapa kilichofungwa kwa kanga. Hakunisalimia. Alipita akaingia.

Ni lazima nieleze kwamba kwetu mama mkwe na mkwewe wa kiume hawakai chumba kimoja. Tangu anioe, mume wangu akifika Busi husalimia kutoka uani na kutazama chini. Alipomwona mama pale mlangoni, aliruka kutoka kwenye kiti akawa anatafuta pa kutokea.

"Mzee, unakwenda wapi? Hatujamaliza!" mkaguzi akashtuka.

"Akae," mama akasema, akitazama dirishani. "Leo akae."

Mume wangu akaketi, uso kaugeuzia ukutani.

"Shikamoo, mama," mkaguzi akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta kile mlitaka."

Akafungua kanga. Nikautambua ule ubao palepale: ilikuwa rafu ya vyungu vya mama, niliyoiona kila nilipokwenda nyumbani. Kumbe ulikuwa umetoka kwenye kasha lililobeba jeneza la kaka. Mama hakuweza kuuchoma wala kuutupa, akaugeuza maandishi yaelekee ukutani, akapanga vyungu juu yake. Sasa aliugeuza mezani. Kwa rangi nyeusi, kwa mwandiko wa mume wangu, kulikuwa na jina la kaka yangu, kisha Busi, Kondoa. Chini yake: Mtumaji, Mweka Hazina, Mfuko wa Msiba. Pembeni palikuwa na mhuri wa forodha wa kule, umefifia lakini unasomeka.

Mkaguzi alisoma, akaulinganisha mwandiko na ule wa fomu ya mume wangu, akasimama. "Pole sana, mama," akasema, kana kwamba msiba ulikuwa wa jana.

"Nimepoa."

Akakaa, akaandika kwa muda. Kisha akaeleza, polepole ili mama aelewe, kwamba ubao ule ulitosha. Fedha zingerudishwa nchini kwa jina la mfuko, na mzee asingeguswa. Hapo akasita.

"Ila mama, ubao huwezi kurudi nao. Utakaa kwenye jalada kama kielelezo. Nisikudanganye, vitu vikishaingia humu havitoki."

Hilo mama hakuwa amelitegemea. Nilimwona anaweka kiganja juu ya jina la mwanawe akakiacha pale. Nilitaka kuingia niseme hapana, na kiinua mgongo kipotee. Mama akaondoa mkono, akaanza kuikunja kanga.

"Ubao ukae," akasema. "Yule nilimzika. Huyu namtaka nyumbani."